Nampenda Nuru wa Joram Kiango. Ni utoto?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nafanya biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Tangu nikiwa kidato cha pili nampenda Nuru, yule binti wa kwenye riwaya za Ben Mtobwa za mpelelezi Joram Kiango. Nimezisoma zote nilizobahatika kuzipata, nyingine mara nne au tano. Kwangu mimi Nuru ni mtu wa kunyamaza kwanza, ndipo ajibu. Nina kauntabuku mbili ambazo nimeandika visa vyangu mwenyewe, Nuru akipeleleza peke yake, Joram akiwa safarini. Kuna alfajiri nasubiri mzigo nacheka peke yangu kwa jambo alilolisema Nuru, na alilolisema nimelitunga mimi.

Mwezi uliopita mume wangu aliziona zile kauntabuku. Hakugomba. Alicheka, akasema, "Mtu mzima unashabikia watu wa hewa!" Dada yangu naye akaniambia nitafute mtu wa ushauri. Tangu siku hiyo sijaandika hata mstari. Nuru nimemwacha usiku wa giza kwenye mtumbwi wa wavuvi wa dagaa, amejifunika turubai, anakwenda Ukerewe. Je, nina tatizo? Au ni utoto uliochelewa kuniacha?

Mama wa Mwaloni

JIBU

Marahaba, mama. Na pole kwa hiyo aibu.

Nimefundisha Kiswahili na fasihi kwa miaka 28 katika sekondari za Mwanza. Watu wa hewa ndio walionilisha, wakanisomeshea watoto, kwa hiyo usitegemee nikwambie uwatimue. Ila nitakujibu kwa kirefu, maana swali lako limefungasha lingine ndani yake ambalo hukuliandika.

Tuanze na mumeo. Hukusema ni wa Simba au wa Yanga, lakini mwanamume anayeishi Kirumba, uwanja ukiwa pale pale, nitashangaa akiwa hana upande. Mtazame siku ya mechi. Kuna mchezaji anamwita kwa jina la utani kama vile wamekua pamoja Igogo. Anajua mguu anaoutegemea, anajua goti lililomsumbua msimu uliopita, anajua akikosa penati huinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Hajawahi kumpa mkono. Yule mchezaji hajui kama yupo. Siku akihamia timu nyingine, mumeo atamsema wiki nzima kwa uchungu wa mtu aliyeachwa na mchumba, na hakuna atakayemshauri atafute mtu wa ushauri. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Tangu enzi hizo watu wazima wanalia hadharani kwa ajili yao na tumeshazoea. Simcheki. Mimi mwenyewe ni wa Pamba, timu yetu ya Mwanza, na mtu wa Pamba hana ubavu wa kumcheka mgonjwa yeyote. Nasema tu kwamba yule mchezaji anayempenda ni nusu mtu, nusu hadithi, na hiyo nusu ya pili ameitunga yeye na wenzake kijiweni. Wewe umechukua hadithi nzima. Na Nuru hajawahi kuhama timu.

Isitoshe, huku kwetu ushabiki ni wa tangu kabla ya mpira. Mwezi wa sita, baada ya sikukuu ya Ekaristi, panda daladala uende Kisesa, ushuke Bujora, uangalie Bulabo. Utawakuta Wagika na Wagalu, zile pande mbili za ngoma za Kisukuma ambazo waasisi wake wanaotajwa ni Ngika na Gumha, wote wataalamu wa dawa na wa ngoma. Wanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Kipimo ni miguu ya watazamaji. Ndiyo maana utaona chatu anazungushwa shingoni, utaona jembe linarushwa juu na kudakwa, ili mradi wewe uliyesimama usiondoke. Bibi yangu alikuwa Mgalu. Hakucheza ngoma hata siku moja maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kusimama upande wake mpaka jua lizame, na alirudi nyumbani amechoka kama aliyetoka kulima pamba.

Utaniambia: hao ni watu wa damu na nyama, mwalimu. Haya, twende kwa watu wa hewa.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenisimulia Masala Kulangwa. Kama umelelewa na Wasukuma unaijua. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto akawa anakua anauliza, watu wengine wako wapi? Mwishowe akaliua zimwi, akalipasua, watu wakatoka wazima. Ila alipokuwa anapasua, kisu kilimkata bibi mmoja sikio, na yule bibi badala ya kushukuru akamkasirikia.

Watoto wenzangu walipenda pale zimwi linapoanguka. Mimi nililala nikiwaza sikio. La kulia au la kushoto? Bibi alivaa hereni? Usiku wa kwanza nilifukuzwa nikalale. Usiku wa pili nikauliza tena, na bibi yangu, akiwa anachambua mchicha kwenye ungo, hakuinua hata macho, akasema: la kushoto, na hereni ilibaki tumboni mwa zimwi. Hereni hiyo haimo kwenye hadithi. Sijaisikia kwa msimulizi mwingine yeyote wala kuiona kwenye kitabu. Aliitunga pale pale kwa ajili ya mjukuu msumbufu, nami nimeibeba miaka sitini.

Mimi naona furaha ya kumpenda mhusika inaanzia kwenye sikio. Shujaa na zimwi ni vya wote, lakini kuna kijitu kidogo pembeni ambacho jicho lako limekiokota wewe, na kuanzia hapo mhusika anakuwa wako. Nimeyasoma maneno yako mara tatu: "mtu wa kunyamaza kwanza, ndipo ajibu." Ben Mtobwa, kadiri ninavyokumbuka, hakumweleza Nuru hivyo mahali popote. Riwaya zile ni za Joram. Yeye ndiye anayekimbizwa, anayepigwa risasi zikamkosa, anayemchosha Inspekta Kombora kwa ujeuri wake. Nuru yuko ubavuni. Wewe ukiwa binti wa kidato cha pili uliangalia ubavuni, ukamwona mtu anayenyamaza, na kunyamaza huko umekuweka wewe. Msomaji mvivu hawezi. Nilikuwa na wanafunzi walioipata A ambao hawakuwahi kumwona mhusika yeyote. Walikariri sifa zake sita na kuziandika kwenye mtihani kama bei za sokoni.

Sasa nije kwenye neno la dada yako, maana limekuingia zaidi kuliko unavyokiri.

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika makala kuhusu watu wanaosikiliza redio na kutazama televisheni na filamu. Waliona kwamba mtazamaji hujenga ukaribu na mtu wa kwenye chombo kama vile wanafahamiana, ingawa ukaribu huo unakwenda upande mmoja tu. Waliuita ukaribu wa mbali. Watu wengi waliolidaka neno lao baadaye walilifanya kama jina la ugonjwa, lakini wenyewe walisema kwamba kwa watu wengi ni nyongeza tu ya maisha ya kawaida. Panapokuwa na shida ni pale ukaribu huo unapochukua nafasi ya watu wote na kupingana na hali halisi. Wewe una soko, una watoto, una mume anayecheka, una dada anayekuhangaikia. Na kwenye barua yako kuna maneno mawili yaliyonitoa wasiwasi kabisa: "nimelitunga mimi." Mtu anayesikia sauti ya Nuru bila kujua imetoka wapi, huyo ningemwambia aende hospitali kesho asubuhi. Wewe unajua imetoka wapi. Imetoka kwenye kauntabuku.

Kuna mwanafalsafa, Colin Radford, ambaye mwaka 1975 aliuliza swali la mumeo kwa lugha ya kisomi: tunawezaje kuguswa na yaliyompata mtu tunayejua hayupo? Akahitimisha kwamba kuguswa huko ni kwa kawaida sana kwetu, lakini kuna mgongano wa akili ndani yake. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka msichana mmoja.

Alikuwa kidato cha tatu, ametoka Ukerewe, na tulikuwa tunasoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Wote wawili, mwandishi na Rosa, ni wa kisiwa hicho hicho. Riwaya ilitoka 1971 na kuna wakati ilikatazwa mashuleni. Humo mna baba anaitwa Zakaria, mlevi, mkali kwa binti zake. Nilipokusanya nakala mwisho wa muhula, ya kwake nikaikuta pembeni mwa ukurasa, mkabala na jina la Zakaria, pameandikwa kwa penseli neno moja kwa herufi kubwa: MSHENZI. Penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka kwenye Z. Sheria ya shule ilinitaka nimtoze. Nililipa mimi, nakala nikaondoka nayo, ninayo hadi leo kwenye kabati. Sikumuuliza kitu, na yeye hakunieleza, lakini kuanzia muhula huo alianza kunyoosha mkono darasani. Sasa Radford aniambie huo mgongano wa akili uko wapi. Msichana alijua vizuri kwamba Zakaria hayupo. Alikuwa amepata mahali pa kuandika neno ambalo kwingine asingeweza kuliandika, na hilo halihitaji Zakaria awepo.

Najua Rosa ni habari ya huzuni na wewe umeuliza juu ya furaha. Lakini uwezo ni ule ule. Anayeweza kukasirika na Zakaria mpaka karatasi itoboke ndiye anayeweza kucheka peke yake alfajiri Mwaloni kwa sababu Nuru amemjibu mtu vizuri.

Kauntabuku sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapopapenda.

Desemba 1893, Arthur Conan Doyle, daktari aliyegeuka mwandishi, alimchoka mpelelezi wake Sherlock Holmes akamuua. Alimwangusha kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, pamoja na adui yake, akaona amepumzika. Wasomaji wa gazeti la The Strand lililokuwa likichapa visa hivyo hawakukubali. Walimwandikia kumlaumu, na wengi wakaacha kulinunua gazeti. Doyle alishikilia msimamo wake miaka kadhaa. Mwaka 1901 akalegea, akaanza kutoa kisa kipya, akisema kilitokea kabla ya kifo. Mwaka 1903 akamfufua kabisa: kumbe Holmes hakuanguka. Umeona nguvu hiyo? Mwandishi ameua, na watu wasio na chochote mkononi isipokuwa upendo wao wamemrudisha marehemu. Baadaye barua zikawa zinafika London, mtaa wa Baker, zimeandikiwa Holmes mwenyewe, watu wakimwomba awasaidie kesi zao. Nadhani wako walioandika wakijua hakuna mtu. Waliandika kwa raha ya kuandika ile bahasha.

Na raha hiyo ilivuka bahari. Unguja kulikuwa na mhariri mmoja, Muhammed Said Abdulla, aliyebuni mpelelezi anayevuta kiko, anayeona vitu vidogo ambavyo wenzake wamevipita, na ana rafiki wa kumshangaa na kumuuliza maswali. Huyo ni Bwana Msa, na rafiki ni Najum. Kisa chao cha kwanza kilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, kikatoka kitabu 1960, na vingine vikafuata. Wahakiki wamekuwa wakionyesha siku zote kwamba nyuma ya Bwana Msa kuna kivuli cha Holmes. Wanafunzi wangu waliposikia hivyo walisema, "Ameiga!" Nami niliwauliza: Holmes angefanya nini Unguja? Angejua nini juu ya mzimu, juu ya mashamba ya karafuu, juu ya namna watu wanavyoficha neno ndani ya salamu? Alichofanya mwandishi wetu ndicho unachofanya wewe. Alimpenda mtu wa kwenye kitabu mpaka akataka kumwona anatembea kwenye njia anazozijua. Wewe umemtoa Nuru kwenye hoteli na viwanja vya ndege ukampandisha mtumbwi wa dagaa chini ya turubai linalonuka. Joram Kiango mwenyewe ana ndugu wengi wa aina hiyo duniani.

Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, alifariki 2008. Hakuna kisa kingine cha Nuru kitakachotoka kwenye kalamu yake. Sidhani kama umeliwaza hilo kwa maneno, lakini nahisi kauntabuku ya kwanza ulinunua baada ya kujua vitabu vimekwisha. Nimekosea?

(Jambo la kisheria, nilimalize upesi. Kuandika kwa ajili yako na kuwasomea watu wako hakuna anayekushtaki. Ukitaka kuuza siku moja, Nuru na Joram wana wenyewe, yaani warithi wa mwandishi. Utaomba ruhusa au utabadili majina na kila kilicho cha mwenzako. Kunyamaza kabla ya kujibu ni kwako, nenda nako.)

Ukitaka mfano wa nyumbani zaidi, uko huko huko anakokwenda Nuru. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa 1896, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ni habari ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wanaopendana ambao hawajajaliwa mtoto, na ukoo haukawii kutia mdomo. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao, na Myombekere analazimika kwenda ukweni kumwomba, anatozwa pombe. Kitereza alitafuta mchapishaji, hakupata. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka 1980, yeye akiwa na miaka zaidi ya themanini, na 1981 akafariki. Hesabu miaka hiyo. Thelathini na mitano Bugonoka aliishi kwenye makaratasi, akiwa na wasomaji wa kuhesabika kwa vidole, na mzee mmoja kisiwani ambaye hakukubali afe. Sijui wewe unamwitaje mtu wa namna hiyo. Mimi namwita shabiki wa kwanza wa Bugonoka.

Lakini huyo mzee ananipeleka kwenye lile ambalo hasa nilitaka kukuambia, na ndilo swali ambalo hukuliandika. Kumpenda Nuru hakukuumizi. Miaka kama ishirini umempenda na biashara imekwenda, watoto wamezaliwa. Kinachokuuma ni kwamba umempenda peke yako muda wote huo, na mtu wa kwanza kufungua kauntabuku alikuwa mtu ambaye hakualikwa.

Angalia ushabiki wote niliokutajia. Bibi yangu alisimama na Wagalu mamia. Mumeo ana kijiwe. Hata filamu tulizitazama kwa kusukumana kwenye mabanda umiza, tumekaa kwenye mabenchi ya mbao, jasho tupu. Waliokuwepo wanaijua sauti ya Lufufu, namna alivyotufasiria filamu za nje na kuwatia wahusika maneno ambayo hawakuyasema, tena mara nyingi matamu kuliko waliyoyasema. Mtu mmoja akicheka, banda lote linacheka, na aliyechelewa kuelewa anacheka kwa sababu wenzake wamecheka. Kitabu hakina banda. Ndiyo hasara yake. Msomaji anapata raha kubwa kisha hana pa kuipeleka, inamkaa kifuani mpaka inafanana na siri, na siri ikikaa sana inaanza kunuka kama kosa.

Kwa hiyo mtafute mtu mmoja. Si lazima awe msomi. Mwaloni ile, penye watu wanaokesha kusubiri mitumbwi kutoka visiwani, huwezi kukosa mwanamke mmoja anayeweza kusikiliza kisa huku anachagua dagaa. Msomee kurasa mbili. Usimwambie umeandika wewe, sema tu, "Nina kisa kimoja cha dada mpelelezi." Usimtazame usoni unaposoma, utajitia hofu bure. Sikiliza atauliza nini ukinyamaza. Akiuliza "halafu?", basi. Huyo ni wako. Kuna pia makundi ya simulizi kwenye simu, watu wanatumiana sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wasomaji wanagombana usiku kucha kuhusu nani angeolewa na nani. Mengine ni takataka, nakwambia ukweli, lakini kelele zake ni za watu waliofurahi.

Na mumeo. Hapa naandika kwa uangalifu kwa sababu sijamsikia yeye. Umesema hakugomba, alicheka. Mtu anaweza kucheka kwa dharau, na mtu anaweza kucheka kwa sababu amegundua chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakujua kipo, na hana neno lingine. Miaka yote hiyo ya ndoa hukuwahi kumtajia Nuru. Ningekuwa yeye ningeumia kidogo, na kwa kuwa ni mwanamume wa Kirumba, ningeficha maumivu kwa kicheko. Usimsomee kwa lazima. Siku timu yake imeshinda, ana raha, muulize: huyo kipa wenu, ulianza kumpenda siku gani? Atakueleza. Atakueleza kwa undani utakaokushangaza, mpaka rangi ya glavu. Kisha mwambie wako ulianza kidato cha pili.

Kuna mambo machache ya kuangalia, nayapita haraka kwa sababu sioni dalili yake kwako. Ukianza kukosa mzigo kwa sababu ulikesha ukiandika, punguza. Ukianza kumlinganisha mumeo na Joram Kiango na kumwona hafai, kumbuka Joram hajawahi kulipa ada ya mtoto wala kuuguza mama mkwe. Kitabu kinakwisha kabla hajafikiwa na hayo. Na ukimwona Nuru ndiye unayemkimbilia kila kunapotokea msiba au ugomvi, mpaka watu wenyewe huwaendei, hapo msikilize dada yako.

Kuhusu utoto uliochelewa: mtoto akimpenda mhusika anataka kuwa yeye. Nilitaka kuwa Masala Kulangwa, nikatembea na fimbo mwezi mzima nikiwatisha kuku. Wewe hutaki kuwa Nuru. Ungetaka kuwa Nuru ungejiandika wewe mrembo kwenye gari zuri. Umemwandikia mtumbwi, turubai, harufu, baridi ya ziwani saa tisa usiku, vitu unavyovijua wewe na yeye hakuvijua. Unamfundisha kazi yako. Hiyo ni hatua ya mtu mzima.

Nimebaki na malalamiko yangu mwenyewe, na ni makubwa kidogo. Umeniambia Nuru umemwacha mtumbwini usiku wa giza, na kwamba tangu mwezi uliopita hujaandika mstari. Wewe ni mtu wa dagaa, unajua kuliko mimi: dagaa wanafuata taa wakati wa giza. Tangu wakati huo giza limekwisha, mbalamwezi imekuja, wavuvi wamekaa nchi kavu wanashona nyavu na kunywa chai, mwezi umepungua, na sasa taa zinaonekana tena usiku ukisimama Capri Point. Wenzake wote wamekwenda na kurudi. Yeye bado yuko chini ya lile turubai. Na mimi tangu nilipofungua barua yako nataka kujua mwenye mtumbwi ni nani, na kama anajua amebeba mtu.